Sarufi na Uakifishaji Nyumbani: Maswali ya Wazazi

Swali: Shikamoo mwalimu. Binti yangu wa miaka tisa anasomea nyumbani. Ninunue vitabu gani vya sarufi ya Kiswahili? (Mama, Arusha)

Jibu: Marahaba. Kabla ya kununua chochote, fungua maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambamo vitabu vya kiada vya shule za msingi husomwa bila malipo. Chagua kitabu cha darasa analolimudu, hata kama ni la chini ya umri wake, kwa kuwa mtoto aliyezoea kusoma kwa Kiingereza mara nyingi huhitaji kurudi nyuma kidogo. Fedha utakazookoa zinunulie kamusi nzuri: Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa), iliyotoka mwaka 2015, au toleo la karibuni la Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) na kutoka mara ya kwanza mwaka 1981.

Swali: Kitabu kimoja kinataja ngeli ya M-WA, kingine A-WA. Nifuate kipi? (Baba, Nakuru)

Jibu: Hakuna kilichokosea; ngeli ni kundi la nomino, nazo nomino huweza kupangwa kwa njia mbili. M-WA hutazama umbo la nomino yenyewe, yaani mtu na watu. A-WA hutazama upatanisho wake na kitenzi, yaani mtu anakuja, watu wanakuja. Kwa kuwa shule za Kenya hufundisha mpangilio wa A-WA, ushike huo, wala usimchanganyie mtoto yote miwili kwa wakati mmoja. Nami nauona kuwa wenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi mdogo, kwani kijana, kipofu na kiboko huanza kwa ki-, lakini husemwa "kiboko ameingia mtoni", si "kimeingia". Kila siku mpe nomino tano alizokutana nazo gazetini, azitungie sentensi katika umoja na wingi.

Swali: Mwanangu hujaza ukurasa mzima bila nukta wala koma. Je, kuna kitabu cha uakifishaji peke yake? (Mama, Mombasa)

Jibu: Sikushauri uanze na kitabu cha namna hiyo, kwa sababu mtoto anaweza kukariri majina ya alama zote, kuanzia koloni hadi mabano, na bado asijue pa kuziweka. Anza na sikio. Nakili aya fupi ya hadithi bila alama yoyote wala herufi kubwa, umwombe aisome kwa sauti, aweke alama pale anapotua au maana inapokamilika, kisha alinganishe kazi yake na aya ya asili. Tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zisizolipiwa, ingawa yafaa uzisome wewe kwanza, kwa kuwa watumiaji wenyewe huruhusiwa kuandika na kutafsiri humo.

Mwonyeshe pia kwamba alama hubadili maana. "Mama Asha amelala" ni habari ya mama mwenye mtoto aitwaye Asha. "Mama, Asha amelala" ni mtu anayemwambia mama yake kwamba Asha ndiye aliyelala. Nimeona mfano huu mmoja ukifanya kazi ambayo kurasa kumi za kanuni hazikuifanya. Usiisahau ritifaa, yaani alama ('): katika ng'ombe na ng'ambo hudokeza sauti tofauti na ile ya ngoma na nguo, kwa hiyo kuiacha ni kosa la tahajia.

Swali: Je, programu ya kusahihisha kwenye kompyuta haitoshi?

Jibu: Haitoshi. Inayokagua tahajia pekee itaipitisha "kitabu yangu imepotea", kwa kuwa kila neno, likiwa peke yake, limeandikwa sawasawa.

Swali: Watoto wetu wanazungumza Kiswahili vizuri, lakini huandika "ana soma" na "nime mwona". Tufanyeje? (Baba, Toronto)

Jibu: Wanakiandika kwa mazoea ya Kiingereza, ambacho hutenganisha mtenda, wakati na kitendo. Kata vipande vya karatasi ngumu, uandike ni-, -me-, -mw- na -ona, kisha wavigandishe kwa gundi viwe neno moja, na baadaye wabadilishe kipande kimoja kimoja: u-, a-, tu-, -li-, -ta-. Wakishazoea, wafundishe upande wa pili, kwamba "kwa sababu" na "kwa hiyo" huandikwa kwa kutenganishwa, maana mtoto aliyekwisha jifunza kuunganisha huunganisha na hayo pia.