Mazoezi ya majini baada ya upasuaji wa goti

Ndugu, umeuliza kama kutembea ndani ya bwawa kunaweza kulirudishia nguvu goti lako lililofanyiwa upasuaji, au kama ni mchezo tu wa kupoteza muda. Kunasaidia sana, na sababu yake iko katika maji yenyewe: yakikufika kiunoni, miguu hubeba takriban nusu tu ya uzito wa mwili, na yakikufika kifuani hubeba takriban theluthi moja, hivyo kiungo ambacho nchi kavu kingeuma kwa kila hatua hupata nafasi ya kukunjwa na kunyooshwa kwa nafuu. Wakati huohuo maji, ambayo ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, hupinga kila mwendo, na kadiri unavyousukuma mguu kwa kasi ndivyo upinzani unavyoongezeka. Wewe mwenyewe ndiwe unayepanga ugumu wa zoezi, jambo ambalo vyuma vya mazoezi havikupi kwa urahisi.

Usiingie majini kabla kidonda cha upasuaji hakijafunga kabisa na daktari wako hajakuruhusu. Anza na dakika 10 hadi 15 za kutembea mbele, nyuma na kando katika maji ya uvuguvugu, ukishika ukingo ikibidi (kujua kuogelea si sharti). Hata hivyo, usiyaache kabisa mazoezi ya nchi kavu utakapoyaweza, kwani mifupa huimarika zaidi inapobeba uzito.