Dar kwenda New York: usipande treni tarehe 14!

Simama hapohapo, usikate tiketi ya treni kwanza. Umeandika ndege yako ya New York kupitia Istanbul inaondoka Dar 03:35 tarehe 14, na wewe unatoka Morogoro kwa treni ya SGR jioni ya tarehe 14. Ndugu yangu, jioni hiyo wenzako watakuwa wameshapita Istanbul, wanavuka Atlantiki! 03:35 ni saa tisa na dakika 35, usiku wa KUAMKIA tarehe 14. Saa sita usiku, tarehe 13 inapoisha, ikukute uwanjani kwenye foleni.

Umbali uliouliza: moja kwa moja ni kama kilomita 12,400. Kupitia Istanbul zinafika karibu 13,500, kama saa 18 za angani bila kuhesabu kusubiri. Na New York wako nyuma yetu saa 8 msimu wa baridi, 7 kiangazi, kwa hiyo usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika ukadhani umepata muda wa safari.

Ila mimi kilichofanya niachwe na ndege si kilomita, ni tarehe. Wakala aliyenikatia tiketi alinipigia: "Dada, safari yako Ijumaa usiku, wahi." Tiketi ilisema Ijumaa, 02:50. Ijumaa nzima nikashinda nafunga begi, dagaa wa Mwanza wa dada yangu nimewatia mifuko mitatu harufu isitoke. Saa tano usiku nipo uwanja wa ndege wa Dar, mlangoni Terminal 3. Askari akapokea karatasi, kidole gumba kikatua juu ya tarehe, akanitazama, akaisoma tena. "Dada, hii imeondoka alfajiri ya leo." Nikambishia, kwani leo si Ijumaa? Akanijibu taratibu kwamba Ijumaa ilianza jana saa sita usiku.

Nikajua nitalipa faini, niondoke kesho. Wapi! Ukikosa kipande cha kwanza cha safari bila kutoa taarifa, vinavyofuata vyote vinafutwa, hata cha kurudi. Nikanunua upya kwenda na kurudi, shilingi 3,400,000, mkopo wa kikoba nilioulipa miezi 14. Nafasi ilipatikana siku nne baadaye. Harusi ya mtoto wa dada, ambayo ndiyo ilikuwa safari yenyewe, niliiangalia kwenye simu nimekaa kitandani.

Wakala nilipomfuata akasema, "Mbona tiketi imeandikwa?" Imeandikwa, ndiyo! Lakini nilikulipa wewe unayezijua hizo saa, ukaniambia "Ijumaa usiku" kwa mdomo wako. Neno moja tu, "kuamkia", lingeniokoa. Mpaka leo hajaomba hata radhi.

Sasa shika hili: saa ya kuondoka kwenye tiketi ikianza na 00, 01, 02, 03, 04 au 05, begi linatoka nyumbani tarehe iliyotangulia. Kwenye kalenda ya ukutani zungushia 13, 14 ikate kabisa. Tafuta treni ya mchana tarehe 13, kisha rudi hapa uandike kwamba umebadilisha, maana sitalala vizuri mpaka niione.