Kabla hujatuma mzigo Kharkiv, piga simu kwanza

Kila Jumapili saa kumi jioni nampigia simu Bibi. Mimi niko Nuremberg, Ujerumani. Yeye yuko Kharkiv, Ukraine, na kwake saa hiyo inakuwa imeshafika kumi na moja. Naanza, "Shikamoo Bibi," naye anaitikia "Marahaba" huku ile "r" akiikokota kama watu wa kwao. Hatuna undugu wa damu. Ni mama wa ghorofa ya tatu katika jengo nililopanga chumba nikisoma famasia mjini humo, kuanzia 2012 hadi 2017. Shikamoo nilimfundisha jikoni kwake, siku niliyomweleza kwamba kwetu mtoto hampiti mtu mzima kimya kimya. Akasema hata kwao hapitwi, ila hawajapata neno zuri kama letu.

Naandika haya kwa sababu tangu 2022 nimekuwa nikipokea ujumbe kutoka kwa Watanzania na Wakenya walioko Ulaya. Wengine walisoma Ukraine kama mimi, wengine wamepata majirani waliokimbia kutoka huko. Swali lao karibu ni lile lile: tunausaidiaje mji ule, na tunaanzia wapi? Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo nayaweka yote hapa, pamoja na makosa tuliyofanya, ili wewe usiyarudie.

Kwa asiyeijua Kharkiv: ni mji wa pili kwa ukubwa Ukraine, na kabla Urusi haijaivamia Ukraine Februari 2022 ulikuwa na watu kama milioni 1.4. Ulikuwa mji wa wanafunzi. Chuo kikuu chake cha Karazin kilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 19, na katika vyuo vya udaktari na famasia ungekutana na vijana wa India, Nigeria, Morocco, Tanzania, Kenya. Mpaka wa Urusi uko umbali wa kilomita 30 na kidogo tu, ndiyo maana mara nyingine kombora linatua kabla king'ora hakijalia. Tarehe 1 Machi 2022 lilipigwa jengo la serikali ya mkoa kwenye Uwanja wa Uhuru, mahali tulipozoea kukaa jioni za Mei tukila ayiskrimu. Siku hiyo hiyo mwanafunzi wa udaktari kutoka India aliuawa mjini humo akiwa ametoka kutafuta chakula. Nilikuwa kwenye simu na mdogo wetu mmoja wa Kitanzania aliyejificha kwenye stesheni ya metro. Sitaki kueleza zaidi jinsi usiku ule ulivyokwenda.

Basi, ushauri wa kwanza ndio ule wa kwenye kichwa cha habari.

Wiki ya pili ya vita tulikusanya nguo. Tulikuwa kikundi kidogo cha Waafrika Mashariki na majirani wa Kijerumani, na kila mtu alitoa alichonacho. Tulijaza chumba kizima cha chini kwenye jengo moja la kanisa: makoti, viatu vya mguu mmoja mmoja, magauni ya harusi, midoli. Hakuna aliyekuwa ameuliza kama nguo zinahitajika. Aliyekuwa anakwenda na gari alituambia kwa upole kwamba mpakani kumejaa nguo hadi zinanyeshewa, na gari lake lilikuwa na nafasi ya vitu vya hospitali tu. Mwezi wa Mei nguo zetu zilikuwa zimeota ukungu. Tulitumia Jumamosi tatu kuzichambua na kuzitupa, Jumamosi ambazo tungeweza kufanya jambo la maana.

Kwenye dawa ndipo naumia zaidi, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Watu walileta mabaki ya kabatini: nusu ya karatasi ya vidonge vya presha, chupa ya dawa ya kikohozi iliyofunguliwa, viuavijasumu vilivyobaki baada ya mtoto kupona. Usifanye hivyo, hata kwa moyo safi kiasi gani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu msaada wa dawa unataka dawa iwe imeombwa na anayeipokea, iwe na jina halisi la dawa na maelezo kwa lugha ambayo mhudumu wa kule ataielewa, na ikifika iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Boksi la dawa zilizochanganyika linamwongezea kazi mfamasia ambaye hajalala siku mbili. Atafungua, atasoma Kijerumani asichokijua, kisha itabidi atafute namna ya kuziteketeza.

Tulipoanza kuuliza, orodha ilitushangaza. Mikanda ya kubana damu, ile ya ubora wa kweli inayofungwa kwenye mguu au mkono uliojeruhiwa. Pawabenki. Tochi za kuvaa kichwani. Karatasi ngumu za plastiki za kuzibia madirisha yaliyovunjika, kwa sababu baridi ya Januari kule haisubiri fundi wa vioo. Na mara nyingi zaidi, pesa. Watu wanasahau kwamba Kharkiv ina maduka, masoko, mafundi, na mikate inaokwa kila asubuhi. Nova Poshta, kampuni yao ya vifurushi, imeendelea kusambaza mizigo hata baada ya ghala lake la Korotych, nje kidogo ya mji, kupigwa Oktoba 2023 na wafanyakazi kuuawa. Ukituma pesa kwa kikundi unachokifahamu, wananunua kule kule, na muuza duka naye anapata sababu ya kufungua kesho.

Sasa utauliza, kikundi unachokifahamu utakipata wapi? Hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa hili nimelijifunza kwa kuutazama mji ninaoishi.

Nuremberg na Kharkiv ni miji dada tangu 1990. Ukraine yenyewe ilikuwa bado haijatangaza uhuru. Ilifanya hivyo Agosti 1991. Kwa zaidi ya miaka 30 watu wa huku na wa kule walikuwa wakitembeleana na watoto wa shule wakibadilishana nafasi. Kila Desemba, pembeni ya soko maarufu la Krismasi la Nuremberg, kuna soko la miji dada, na Kharkiv ina kibanda chake. Nilipofika hapa mara ya kwanza nilipita kwenye kibanda hicho nikasikia lugha ya mtaani kwetu kule, nikasimama nusu saa na machozi yananilenga. Nilidhani ni mambo ya mapambo na asali tu. Vita vilipoanza ndipo nilipoona kazi ya miaka ile yote. Mtu wa Nuremberg hakuhitaji kutafuta wa kumpigia. Alikuwa na namba ya mwalimu fulani, ya daktari fulani, ya mama aliyempokea nyumbani kwake mwaka fulani. Wazee wa hapa nao wana kumbukumbu zao. Mji wao wa kale ulisagwa kwa mabomu usiku wa tarehe 2 Januari 1945, na nimemsikia mzee mmoja akizungumzia vioo vilivyovunjika kana kwamba ni jana.

Kwa hiyo kama mji unaoishi una uhusiano na mji wa Ukraine, nenda kwa hao wenye uhusiano wa zamani kwanza. Cincinnati kule Marekani nayo ni dada wa Kharkiv. Liverpool ni dada wa Odesa tangu 1957. Freiburg ni wa Lviv. Usianzishe kamati mpya yenye nembo na fulana wakati pembeni yako kuna watu wenye miaka 30 ya kuaminiana. Ingia, osha vikombe, sikiliza.

Halafu kuna lugha. Mimi nilijifunza Kirusi, kama wanafunzi wengi wa kigeni pale, kwa sababu ndicho kilichosikika sokoni na kwenye troli. Bibi alinizoesha kwa Kirusi. Majira ya joto ya 2022 alinikatiza katikati ya sentensi, akaniambia taratibu kwamba anajitahidi kuzungumza Kiukraini sasa, na angefurahi nikijitahidi naye. Ana zaidi ya miaka 70. Alikuwa anatafuta maneno kama mimi ninavyoyatafuta. Tukawa wanafunzi wawili: "spasibo" ikawa "dyakuyu", na Kharkov ya kwenye cheti changu ikawa Kharkiv mdomoni mwangu. Mtaa niliopita kila siku kwenda chuoni uliitwa Pushkinska. Siku hizi unaitwa kwa jina la Hryhorii Skovoroda, mwanafalsafa wao wa karne ya 18, ambaye makumbusho yake katika mkoa huo yaliteketezwa kwa kombora Mei 2022. Jifunze majina kama wenyewe wanavyoyataja. Ni maneno machache tu, na wanasikia.

Na katika maneno hayo nilikuta tuna ya kwetu humo. Chai kwao ni "chai". Kahawa ni "kava", na asili ni ile ile ya Kiarabu iliyotufikia sisi kwa njia ya bahari na wao kwa njia ya Waturuki. Nilipomwonyesha Bibi kanga, alikwenda chumbani akarudi na "khustka" ya mama yake, kitambaa cha kichwa chenye maua mekundu kwenye weusi. Akaitandaza kitandani sambamba na kanga yangu, akapima pindo kwa pindo kwa kiganja. Kilichomshangaza ni maandishi. "Nguo yenu inaongea," alisema. Nikamsomea: Wema hauozi. Akaniomba nirudie mara tatu, akaandika kwa herufi zao nyuma ya risiti ya umeme. Ile risiti bado anayo.

Nasema hivi kwa sababu mshikamano wa huruma tupu unachosha pande zote mbili. Usimpigie mtu kila mara kumuuliza mabomu. Akitaka kusema atasema. Siku ya shambulio Bibi hunitumia alama moja tu, "+", ambayo kule kila mtu anaijua: nipo hai. Nami simrudishii maswali ishirini. Siku nyingine tunaongelea bei ya vitunguu, au mjukuu wake anayesomea chini ya ardhi. Tangu Septemba 2023 madarasa yamewekwa ndani ya stesheni za metro, na 2024 wakafungua shule nzima iliyojengwa chini. Mtoto huyo alinichorea twiga mwenye vyshyvanka, ile shati yao ya kutarizi. Nimeibandika juu ya meza yangu ya kazi. Kubali kupewa. Ukiwa mtoaji tu, siku utakapochoka utatoweka, na yeye ataona aibu kukutafuta.

Kuna mambo mawili magumu, na sitayakwepa.

La kwanza ni mpakani. Februari na Machi 2022 vijana wetu wa Kiafrika waliokuwa wakikimbia Ukraine walisukumwa watoke kwenye treni na foleni kwa sababu ya rangi. Umoja wa Afrika ulitoa tamko tarehe 28 Februari kulaani hilo. Yule mdogo wetu wa kwenye metro alisimama siku mbili kwenye baridi akiona wengine wakipitishwa. Watu huniuliza nawezaje kusimama na nchi hiyo. Nilimwambia Bibi yote, bila kupunguza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza jina la kijana na kama amekula. Ushauri wangu ni huu: usimeze kidonda ili uonekane rafiki mwema. Kiseme mezani kwa heshima. Wapo watakaobisha, na wapo watakaokaa nacho pamoja nawe. Hao wa pili ndio wa kufanya nao kazi.

La pili aliliuliza kaka mmoja wa Kivu Kaskazini, mwanzoni mwa 2025, wiki Goma ilipotekwa. Tulikuwa tunapanga jioni ya kuchangia Kharkiv. Akasimama akasema kwa sauti ya chini, "Na Goma je? Mama yangu yuko kule." Chumba kikawa kimya. Nakiri kwamba baadhi yetu tulitaka kumjibu kwamba ratiba imeshapangwa. Mama mmoja wa Kiukraini, mkimbizi mwenyewe, ndiye aliyesema tuigawe jioni nafasi mbili. Alikuja na sufuria ya varenyky, sisi tukapika sombe na wali, na kaka yule akaeleza ramani ya mji wake kwa watu ambao wanajua maana ya kuonyesha kwenye ramani nyumba ambayo huenda haipo. Tangu hapo kila mkutano tunauliza nani ana mji wake leo. Mkikusanyika nanyi, acheni nafasi ya swali hilo, msiliogope.

Jumamosi hii nafunga boksi. Safari hii orodha yake ni fupi: betri za tochi, krimu ya mikono, majani ya chai ya Mufindi ambayo Bibi ameyazoea tangu nikiwa mpangaji, na kanga moja ya jirani yake wa ghorofa ya pili, ambaye ameona ile ya Bibi imetundikwa dirishani penye plastiki. Ameagiza nimchagulie yenye jina zuri. Bado nachambua.