Kicheko Kinakomea Kisimani

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Katuni za mashujaa siku hizi zinajicheka zenyewe. Je, zinawaondolea watoto heshima ya ushujaa?" Nimelisoma swali lenu nikiwa barazani kwetu Langoni, hapa Lamu, kofia ninayoidarizi ipo pajani, na ndani mpwa wangu wa miaka minane amelala kifudifudi mbele ya tivi. Swali hili naishi nalo kila jioni, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha jibu.

Kwangu mimi jibu ni hapana, haziwaondolei. Ila pana mahali ambapo kicheko hakina budi kusimama, na katuni isiyopajua mahali hapo inamdhulumu mtoto.

Sisi wa pwani tumelelewa na hadithi zinazojitangaza kuwa ni uwongo kabla hazijaanza. Bibi yetu, Mungu amrehemu, hakufungua hadithi hata siku moja bila kutuita, nasi tukamwitikia: "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea!" Yeye kwa Kiamu chake, Kiswahili cha hapa Lamu, alisema "ndoo" badala ya "njoo". Maana yake ni kwamba tulimpa ruhusa atudanganye, na tukampa na sharti, uwongo wenyewe ukolee. Alikuwa na mazoea ya kumpitisha sungura kwenye vichochoro vyetu hivi hivi, akamkutanisha na ami yetu njiani Mkunguni, akampa ami maneno ya kusema, na sote tukacheka kwa sababu ami mwenyewe alikuwa amekaa pale pale anakunywa kahawa. Lakini zimwi lilipobisha mlango hakuna aliyethubutu kutoa mguu nje ya mkeka. Tulijua ni uwongo tangu mwanzo, tulikuwa tumeuita wenyewe, na bado mwili ulisisimka.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kwamba shujaa akikonyeza jicho kwa mtazamaji basi ushujaa umekwisha. Mtoto wa miaka minane anajua kuwa anachokiona kimechorwa. Amejua tangu ana minne.

Nitatoa mfano wa filamu ninayoipenda kwa sababu ndani yake yumo fundi wa nguo, na mimi riziki yangu ni sindano. Ni The Incredibles, katuni ya studio ya Pixar, iliyotoka mwaka 2004, ameiandika na kuiongoza Brad Bird. Fundi huyo anaitwa Edna, mama mfupi mwenye miwani mikubwa, anayewashonea mashujaa mavazi yao. Shujaa anakuja kwake kutaka vazi jipya, anataka na joho la kupepea mgongoni. Edna anakataa katakata. Anamhesabia mashujaa waliouawa na majoho yao wenyewe: yuko ambaye joho lake lilinaswa kwenye lifti, yuko aliyevutwa na injini ya ndege. Ni mzaha kwa katuni zote zilizotangulia, maana tangu Superman joho ndilo lililokuwa alama ya shujaa, kama kwetu lilivyo alama ya bwana harusi. Nikimtafsiria mpwa wangu sehemu hiyo anacheka mpaka anajikunja. Halafu filamu inafika mwisho, na yule mwovu, aliyejishonesha joho refu ili afanane na shujaa, joho lake linanaswa na injini ya ndege na kwenda naye. Edna alikuwa amesema kweli. Hebu tazameni ufundi huo: kicheko kimewekwa mapema kama mtu anavyopiga ponta kwenye kitambaa, na mshono wenyewe umekuja saa nzima baadaye.

Katika filamu hiyo hiyo wanawacheka waovu wanaopenda hotuba. Mpwa wangu alikuwa ameshaniuliza siku nyingi, "Halati, mbona mbaya hampigi tu? Anaongea, anaongea, mpaka anashikwa yeye." Kumbe waandishi wamejiuliza swali hilo hilo. Wanampa shujaa mmoja nafasi ya kusimulia jinsi adui alivyomweka mkononi kisha akaanza kujisifu hadi ushindi ukampita, na baadaye mwovu mkuu mwenyewe anajigundua katikati ya maneno kwamba amenogewa na hotuba yake.

Lakini kilichonikaa moyoni ni pangoni. Mama wa familia ile amewaficha watoto wake wawili, anawapa barakoa zao za kuficha nyuso, na anawaambia: mnawakumbuka wale wabaya wa katuni mlizokuwa mkitazama Jumamosi asubuhi? Hawa si kama wale. Hawa hawatawaonea huruma kwa kuwa nyinyi ni watoto. Wakipata nafasi watawaua.

Hapo katuni inataja katuni nyingine, na chumba kizima kinapoa. Mara ya kwanza nilipomtafsiria maneno hayo, mpwa wangu alirudi nyuma polepole kwa makalio, macho yakiwa kwenye tivi, mpaka bega lake likaegemea goti langu. Niliacha kushona. Uzi wa kijani ulikuwa umeshatoka kwenye tundu la sindano na sikuutafuta. Kujijua kwa katuni kunaweza kufanya kazi hiyo pia, kuongeza hofu badala ya kuipunguza, na wachoraji wengi hawakumbuki kukutumia hivyo.

Kuhusu mtambaji naye, sitasema mengi. Waliowahi kuiona The Powerpuff Girls ya Craig McCracken, katuni ya wasichana watatu mashujaa iliyoanza mwaka 1998 kwenye Cartoon Network, kituo cha tivi cha Marekani, wanaikumbuka ile sauti inayofungua na kufunga kila kisa. Kuna kisa ambacho nyani mwovu Mojo Jojo anamteka mwenye sauti, ananyakua kipaza sauti chake na kuanza kusimulia yeye, na wasichana wanajikuta wakifanya mabaya anayoyasimulia. Mtoto akikiona kisa kile anajifunza bila kufundishwa kwamba anayeshika hadithi anawashika na waliomo ndani yake. Na hapa Kenya tunao mabingwa wetu wa kushika kipaza sauti. DJ Afro amejipatia jina kwa kusimulia juu ya filamu za kigeni, akimtania shujaa, akimwonya, akimsifu, na katika vibanda vya video watu wanamlipia yeye kama wanavyoilipia picha.

Sasa pale ninapokasirika.

Cartoon Network ilikuwa na katuni ya Teen Titans kuanzia 2003 hadi 2006, ya vijana mashujaa wenye majonzi yao na vita vyao vya kweli. Mwaka 2013 vijana wale wale wakarudi, kwa sauti za waigizaji wale wale, ndani ya Teen Titans Go!, safari hii ni vichekesho vitupu. Waliolelewa na ile ya kwanza walinung'unika sana, na katuni ikawatia hata hao wanung'unikaji ndani ya mizaha yake. Mimi sikuwa upande wao. Watoto wanacheka, waacheni wacheke. Mwaka 2018 ikatoka filamu yake ya sinema, na sehemu kubwa ni tamu: Robin, kiongozi wa vijana hao, anataka na yeye atengenezewe filamu kama mashujaa wakubwa, hakuna anayemjali, basi yeye na wenzake wanarudi nyuma katika wakati kuzuia mashujaa wengine wasizaliwe kuwa mashujaa. Miongoni mwa waliookolewa ni wazazi wa Batman, ambao kuuawa kwao uchochoroni ndiko kulikomfanya mtoto wao awe shujaa; wanageuzwa njia wasiingie kwenye uchochoro huo. Dunia bila mashujaa inaharibika. Vijana inawabidi warudi kuyatengua waliyoyafanya, na wanawaelekeza baba na mama wa mtoto yule kwenye uchochoro, kwa furaha, na sisi tunatakiwa tucheke.

Mpwa wangu hakucheka. Babake alitoka kuvua wakati wa kusi, na bahari haikumrudisha. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Alitazama uchochoro ule, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si walikuwa wameshawaokoa?"

Nilitafuta la kumjibu nisilipate. Najua mchoro ni mchoro. Najua pia kwamba watengenezaji walikuwa wakiucheka usugu wa hadithi ile, jinsi wazazi wale walivyouawa mbele yetu katika filamu moja baada ya nyingine mpaka mtu mzima amezoea. Mtu mzima, naam. Mtoto hajazoea kitu. Kila yatima anayemwona kwenye tivi, kwake ndiye wa kwanza.

Usiku ule ule stima ilipotea, kama kawaida. Tukatandika mkeka barazani, watoto wa jirani wakaja, nikawapa Fumo Liyongo kama nilivyopewa na bibi. Huyo ndiye shujaa wetu wa pande hizi, wa Pate na Ozi, mtu mrefu asiyechomwa na chuma chochote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Mzee wetu Muhammad Kijuma, mwana wa Lamu hii, aliuandika utenzi wake mwaka 1913. Na hadithi yake imejaa vichekesho! Adui wanapatana na Liyongo wawe wakila makoma, matunda ya mti mrefu wa mkoma, kila siku mmoja kwa zamu apande awaangushie wenzake, ili zamu ya Liyongo ikifika wamfume mishale akiwa juu. Zamu inafika, Liyongo hapandi. Anasimama chini, anavuta upinde na kuyadengua makoma kwa mishale, wao wamekodoa macho. Watoto walicheka. Kisha Liyongo yuko gerezani, mamake anampikia vyakula vizuri, walinzi wanavila vyote. Basi anamtuma kijakazi Saada amwambie mama atengeneze mkate wa makapi, ndani atie tupa ya kusugulia chuma. Walinzi wanaudharau mkate wa makapi, wanamtupia. Walicheka tena, na mpwa wangu akapiga kofi kwenye mkeka kwa furaha ya kuona jinsi ulafi ulivyowaponza.

Kisha inakuja sindano. Mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa mke na cheo, anamchoma akiwa amelala. Liyongo anainuka, anakwenda na upinde wake hadi karibu na kisima, anapiga goti, anapachika mshale, na anakufa vile vile, goti chini na upinde umevutwa. Watu wa mji wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai amekasirika, na hakuna anayekwenda kuteka maji. Siku zinapita. Mji mzima una kiu, unamwogopa maiti.

Mnaona jinsi palivyo pepesi kuchekesha hapo? Ni embe limeiva, linaning'inia usawa wa mkono. Bibi, aliyemtania kila mtu hadi sungura, hakulichuma hata siku moja. Akifika kisimani sauti yake ilishuka na mikono akaiweka mapajani. Nami nilifanya hivyo hivyo. Mpwa wangu aliuliza kama kuna aliyemkaribia. Nikamwambia alipelekwa mamake, akasimama kwa mbali akimwimbia na kumbembeleza mwanawe apoe hasira, hajui kama amekwisha kufa. Akanyamaza. Wa jirani nao wakanyamaza, na punda mmoja alipita na mizigo yake hakuna aliyegeuka kumtazama.

Mhariri, waandishi wa katuni wenye kulijua hilo wapo, hata huko Marekani. Batman: The Brave and the Bold, iliyoonyeshwa kutoka 2008 hadi 2011, ni katuni ya rangi kali na mizaha mingi, na ndani yake yumo Bat-Mite, kijitu cha miujiza kilichoanza kwenye vitabu vya picha mwaka 1959, mshabiki wa Batman aliyepitiliza. Katika kisa cha mwisho kabisa Bat-Mite ameichoka katuni yenyewe. Anataka ifutwe ili ije nyingine ya Batman aliyenuna, basi anaivuruga makusudi, anaingiza kila kinachowaudhi watazamaji. Anafaulu. Katuni inafutwa. Na hapo ndipo anapogundua kwamba kwenye hiyo ya wanunaji hakuna nafasi ya kijitu kama yeye, naye anatoweka. Tumecheka muda wote.

Kisha Batman anatugeukia sisi tunaotazama. Kinyago kile kile, rangi zile zile, lakini safari hii hakuna mzaha. Anawaaga watoto. Anawaambia kwamba popote uovu utakapojificha, yeye atakuwepo kuwatetea wasio na hatia, na anawatakia usiku mwema.

Tulikiona kisa hicho juzi kwenye simu ya mpwa wangu mkubwa, tumeiegemeza kwenye birika la kahawa. Nilitafsiri maneno yale ya mwisho taratibu. Yule mdogo alikuwa ameshajifunika shuka. Akatoa mkono mmoja, akaupunga kuelekea kwenye simu, akasema, "Usiku mwema, ami."