Mtoto Hununua Shibe: Niliyojifunza kuhusu Chakula na Michezo Shuleni

Kwa miaka sita nilikuwa mwalimu wa afya na michezo katika shule moja ya msingi mjini Tanga, na kosa langu kubwa nililifanya katika muhula wa kwanza kabisa: niliwafukuza wachuuzi langoni. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya lishe, kichwa kimejaa makundi ya vyakula na michoro ya sahani, nikamshawishi mwalimu mkuu tupige marufuku maandazi, kachori, barafu za rangi na soda katika eneo lote la shule. Wachuuzi wakavuka barabara wakatandaza biashara upande wa pili, watoto wakawafuata, na siku ya tatu bodaboda ilimkosakosa mtoto wa darasa la pili aliyekuwa akirudi mbio na andazi mkononi. Marufuku yetu ilikufa siku hiyo, wala hatukuhitaji kuitangaza kuwa imekufa.

Baada ya aibu ile nilichukua kiti nikakaa chini ya mwembe karibu na lango kila mapumziko ya saa nne, kwa muda wa wiki mbili, nikiangalia tu nani ananunua nini na kwa shilingi ngapi. Namshauri mwalimu au mzazi yeyote anayetaka kubadili ulaji shuleni aanzie hapo kabla hajaitisha kikao wala kubandika bango. Namkumbuka msichana wa darasa la tatu aliyekuwa na sarafu ya shilingi 200. Alisimama mbele ya machungwa ya Muheza yaliyomenywa vizuri, akayatazama kwa tamaa dhahiri, kisha akaenda kununua maandazi mawili. Nilipomwuliza sababu, alinijibu bila kusita, "Chungwa halishibishi, Mwalimu." Nyumbani alikuwa ameondoka bila kunywa chai, na mlo wake wa kwanza wa maana ungekuwa saa nane au saa tisa alasiri. Mtoto wa namna hiyo anatumia fedha yake kwa akili kabisa, kwa kuwa ananunua shibe, na mafunzo yangu yote kuhusu vitamini hayakuwa na jibu kwa tumbo lake la saa nne.

Kwa hiyo tulianza na chakula cha kushibisha, matunda yakafuata baadaye. Palikuwa na bibi aliyeuza mihogo ya kukaanga, naye ndiye niliyemwendea kwanza. Nilimwamkia, nikaketi kwenye ndoo aliyoipindua, nikamwomba ajaribu kuuza ya kuchemsha pamoja na kachumbari. Alicheka. "Mwanangu, ya kukaanga nikibakiwa nayo naipeleka jioni kilabuni, wanainunua na pilipili. Hiyo ya kuchemsha ikilala, hasara ni ya nani?" Swali lake lilikuwa la haki, na nadhani kampeni nyingi za lishe hufa kwa sababu hakuna anayejitwika hasara aliyoisema bibi huyo. Tulikubaliana kwamba kila siku jioni ningempa makisio ya watoto watakaokuwepo kesho yake, hasa siku za mitihani ambapo madarasa mengine hubaki nyumbani, na kwamba walimu tungenunua kitakachobaki. Mwezi wa kwanza tulikula mihogo mingi sana pale ofisini. Mwezi wa pili hapakubaki kitu, naye akagundua jambo ambalo mimi sikulifikiria, kwamba faida yake imeongezeka kwa kuwa hanunui tena mafuta. Wenzake walipoona hivyo hawakusubiri kushawishiwa. Mmoja akaleta viazi vitamu, mwingine mahindi ya kuchemsha, na muuza machungwa akaanza kuyakata nusu ili mtoto aliyekwisha kushiba abakiwe na shilingi 50 ya tunda.

Soda na barafu zilitusumbua zaidi, maana kiu ya mtoto aliyecheza juani Tanga si ya kubishana nayo. Soda ya kola ya mililita 330 ina takribani gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai, lakini kumweleza hivyo mtoto ambaye bomba la shule halitoi maji ni kumwonea. Tuliweka ndoo tatu za maji safi zenye bomba na mifuniko, tukazikabidhi kwa viranja wa afya, na mauzo ya barafu yakapungua bila sisi kumkataza mtu.

Uji tulioamua kuwapikia watoto shuleni kwa michango ya wazazi ni habari ndefu kidogo. Tangu mpango wa elimu bila ada ulipoanza katika shule za umma mwaka 2016, wapo wazazi ambao wakisikia neno mchango huinuka na kuondoka kikaoni, na siwalaumu, kwa sababu wengi wameshachangia mambo ambayo hawakuyaona. Kilichotusaidia ni kuwaruhusu watoe mahindi badala ya fedha, kuwachagua wazazi wawili wa kutunza daftari la stoo, na kulibandika daftari hilo ukutani kila Ijumaa. Tulianza na watoto 200 wa madarasa ya chini. Mpishi wetu alikuwa akitia kilo 4 za sukari katika sufuria, ambazo ni gramu 20 kwa kila kikombe, yaani vijiko vitano vya chai kabla mtoto hajanunua kitu kingine chochote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Tungepunguza kwa mkupuo mmoja watoto wangeumwaga uji wote. Tulipunguza robo kilo kila baada ya wiki mbili, na ndani ya miezi minne tulifika kilo 2 bila malalamiko, isipokuwa ya mwalimu mmoja aliyezoea kupitia jikoni na kikombe chake.

Katika mahindi hayo ya wazazi lipo jambo la kuogopa, nalo halisemwi vya kutosha. Nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri huota ukungu unaozalisha sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Shule inayokusanya mahindi kutoka kaya 100 inakusanya pia uzembe wa yeyote kati ya kaya hizo, kwa hiyo tuliyaanika upya kwenye turubai, tukachambua punje zilizovunjika au kubadilika rangi na kuzitupa, wala hatukuwapa kuku, na magunia tukayapanga juu ya mbao mbali na ukuta. Vilevile usivutwe na unga wa lishe wenye mchanganyiko wa nafaka kumi unaosifiwa mitaani. Mahindi safi, karanga chache zilizochambuliwa vizuri na maziwa inapowezekana vinatosha, na kadiri viungo vinavyozidi ndivyo inavyokuwa vigumu kujua kipi kimeharibika.

Mtoto akishakula, sasa unaweza kumwambia akimbie. Nasema hivi kwa sababu nimewashika mikononi watoto walioanguka mstarini baada ya mchakamchaka wa alfajiri, matumbo matupu, huku sisi tukisifu nidhamu. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani kwa watoto wa miaka 5 hadi 17 ni wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo unaowafanya waheme, na nilidhani kipindi changu cha michezo kinachangia sehemu kubwa ya dakika hizo. Siku moja nikamfuatilia mvulana mmoja kwa saa ya mkononi. Katika dakika 40 za kipindi, kwenye darasa la watoto 52 na mpira mmoja, alikimbia kwa dakika 6. Muda uliobaki alivua viatu, alipanga mstari, alisikiliza filimbi yangu, na alisimama pembeni akisubiri mpira ambao haukumfikia.

Tatizo halikuwa vifaa vya gharama. Tanga tuna katani, na kamba ya kurukia yenye urefu wa mita 4 hupatikana kwa fedha kidogo au kwa kuomba. Nililigawa darasa katika makundi sita: mawili ya kamba, mawili ya rede kwa mpira wa soksi, moja la kombolela, moja la chandimu, nao wakabadilishana kila filimbi. Michezo hiyo wanaijua kuliko mimi, kwa hiyo sikupoteza dakika hata moja kufundisha kanuni. Wasichana, ambao katika soka walikuwa watazamaji, ndio waliowachosha wavulana kwenye kamba na rede, mradi waruhusiwe kuvaa bukta ndefu chini ya sketi, na wale wa madarasa ya juu wapate choo chenye maji na mlango unaofungika. Bila choo hicho, nusu yao watakwambia wanaumwa tumbo kila siku ya kipindi, na wanachokwepa utakuwa hukukiona.

Mambo mawili nayakataza bila kujadili. Usimwadhibu mtoto kwa kichurachura wala kwa kuzungushwa uwanjani, kwa maana kila unapofanya hivyo unamfundisha kuwa kuutumia mwili ni mateso, kisha unashangaa mbona hapendi mazoezi. Na usimwite mtoto bonge, hata kwa mapenzi. Katika darasa moja nilikuwa na mtoto mfupi kuliko umri wake kwa kukosa lishe na mwingine mwenye uzito uliozidi, wakikaa dawati moja, na wote wawili walihitaji uji uleule, maji yaleyale na kamba ileile.

Adui wa mwisho nilikuwa mimi mwenyewe. Nilifundisha pia Hisabati darasa la saba, na mtihani wa taifa ulipokaribia nilikikopa kipindi cha michezo, nikikiita cha marudio, wala sikukilipa. Niliacha tabia hiyo pale tu mwalimu mkuu alipokihamishia kipindi hicho muda mfupi kabla ya mapumziko ya saa nne, saa ambayo watoto hawasomeki tena kwa kuchoka kukaa.

Mwaka jana, baada ya uhamisho, nilipita pale kuwasalimia. Kamba za katani zilikuwa zimefungwa stoo na kipindi cha michezo kimerudi kuwa Hisabati. Bibi wa mihogo alikuwepo langoni, na sasa ana sufuria mbili.