Hafutemu Nairobi na watoto: panga kwa upande wa mji

Haya, shule karibu zifunge hafutemu na najua hapa Mombasa wengi wenu mnaulizwa swali lile lile naloulizwa mimi, "mama, sisi tunaenda wapi?" Watu wa bara kila likizo wanatuteremkia huku, Mama Ngina hapapitiki, mpaka mihogo ya kukaanga inapanda bei. Sasa na sisi si tupande huko kwao tukaone kuna nini? Kwa watoto wa shule, yaani kuanzia yule wa gredi ya kwanza mpaka hawa wa junia wanaojiona wakubwa, Nairobi ni mji mzuri sana wa kwenda kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili. Lakini kuna kitu kimoja kinachoharibu safari za wengi, na sio pesa. Ni jam.

Mtu anakaa na simu anaandika orodha, twiga, ndovu, museum, KICC, mall, halafu anazipanga vile alivyozikumbuka. Asubuhi yuko Lang'ata, mchana anataka kuwa mjini, jioni arudi Karen kula pizza. Nairobi haikubali hayo. Utakaa kwenye gari Lang'ata Road watoto wamelala, wengine wanataka choo, na dereva wa teksi anakutazama kwenye kioo. Mimi naigawa Nairobi pande mbili tu: upande wa Lang'ata, kwenye wanyama, na upande wa mjini, kwenye magorofa na makumbusho. Kila upande unapewa siku yake na hakuna kuvuka. Kama kitu kiko upande wa pili, kisubiri siku yake au kisubiri mwaka mwengine.

Tuanze na treni manake kwa watoto safari inaanzia pale Miritini, kwenye stesheni yetu. Kata tiketi mapema sana, *639# unalipa na Mpesa, kwa sababu wiki ya hafutemu ekonomi inajaa haraka. Nauli ya ekonomi tangu 2024 ni shilingi 1,500 na fasklasi 4,500, na watoto wa miaka 3 mpaka 11 wanalipa nusu. Ukiwa na watoto usitupe pesa fasklasi, ekonomi viti vingine vinatazamana, wanacheza karata humo humo, wanapata marafiki wa viti vya jirani, kufika Voi washakuwa ukoo mmoja. Beba kitambulisho chako original na vyeti vya kuzaliwa vya watoto au hata kopi. Na ufike mapema, saa nzima kabla au zaidi, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo, mnaambiwa mpange mabegi chini kwa mstari, mrudi nyuma, halafu mbwa wanapitishwa wakinusa begi moja moja. Wangu walikaa kimya kama wako msikitini wakingoja waone kama mbwa atasimama kwenye begi la mtu. Hakusimama, wakasikitika.

Chukua treni ya saa mbili asubuhi, sio ya saa tisa na sio ya usiku. Najua ya saa tisa ina kasi zaidi kwa sababu haisimami kila stesheni, lakini ya asubuhi inakupitisha Tsavo mchana kweupe na huko ndiko kuna ndovu, wale wekundu wa vumbi la Tsavo, na pundamilia, na ukibahatika twiga. Simu ziwekwe, mtu wa kwanza kuona ndovu anapewa kitu. Chakula beba chako, viazi vya karai, mahamri, maji, embe na pilipili yake kwenye kikopo, manake kale kagari ka vinywaji kanakopita kila mtoto atataka kitu na bei sio za dukani kwa Mwinyi. Treni hii inafika kama saa nane hivi.

Ukifika Syokimau, stesheni ya mwisho upande wa Nairobi, usikimbilie teksi. Pale pale kuna treni ndogo inayowapeleka abiria mpaka stesheni ya zamani katikati ya mji, nauli yake ni ndogo, na inakuepusha na jam ya Mombasa Road. Kama mizigo ni mingi na mtoto ashaanza kulia basi chukua teksi ya app mpite Expressway, ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022, ada ya barabara unalipa wewe lakini watoto wataipenda kwa sababu unaona mji kutoka juu.

Sasa mtalala wapi. Hapa nitasema ukweli na shangazi yao asikasirike. Wengi wetu tuna jamaa South C, Eastleigh au Pangani, na kulala kwa jamaa ni bure, chakula halali hakina maswali, watoto wanacheza na binamu zao. Ila kwa jamaa ratiba sio yako. Utaamka uende kwenye ndovu, utaambiwa kaeni kwanza mnywe chai, chai inageuka mkate wa sinia, mkate wa sinia unageuka "kuna mtu anataka kuwasalimia," na saa tano imefika. Ushauri wangu ni ulale kwa jamaa usiku wa kwanza na wa mwisho na katikati mkodi nyumba ndogo, au kama mnalala kwao siku zote basi mwambie shangazi mapema, tena kwa simu kabla hujatoka Mombasa, kwamba Jumamosi tunatoka saa tatu kasorobo na mtoto wako twaenda naye. Ukimchukua mtoto wake hakuna atakayekuzuia.

Ijumaa iwe siku ya mjini. Anzeni na makumbusho ya reli, iko karibu na ile stesheni ya zamani, na kwa watoto waliotoka kusafiri na treni jana yake hakuna mahali pazuri zaidi. Reli ya zamani ilianza kujengwa kwetu Mombasa 1896 na ikafika Nairobi 1899, na huo mji wenyewe ulizaliwa kwa ajili ya hiyo reli, kwa hiyo waambie wanao kwamba Nairobi ni mtoto wa Mombasa, watatembea kifua mbele siku nzima. Injini kubwa za moshi ziko nje, wanapanda, wanashika vyuma. Lakini kuna behewa moja la mbao pale ndilo lenye hadithi. Mwaka 1900 pale stesheni ya Kima, afisa wa polisi anaitwa Charles Ryall alikaa ndani ya behewa hilo usiku na wenzake wawili wakimvizia simba aliyekuwa anakula watu. Ryall zamu yake ya kukesha akapitiwa na usingizi, simba akaingia mlangoni, akamchukua akatoka naye dirishani. Wanangu walilipima lile dirisha kwa mikono. Yule wa gredi ya tano akasema simba hatoshi hapo, mdogo wake akasema anatosha, na huo ubishi ukaendelea mpaka tumerudi Miritini. Kama mtoto wako ni mwoga wa usiku hiyo hadithi msimulie asubuhi, usimsimulie wakati wa kulala.

Kutoka hapo mnaingia KICC, lile jengo la mikutano la tangu 1973, lina ghorofa 28, na mnapanda mpaka juu kabisa. Nje ya mandhari, kwa watoto lifti yenyewe ni nusu ya raha. Waislamu swala ya Ijumaa mtaipata msikiti wa Jamia, mwendo wa miguu tu, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, na hata asiyekwenda kuswali asimame autazame kwa nje. Mchana kuleni mjini kitu rahisi, halafu mwende Museum Hill kwenye makumbusho ya taifa. Humo usijaribu kuona kila chumba, utawachosha bure. Waonyeshe sanamu ya Ahmed pale uani, ndovu wa Marsabit aliyekuwa na pembe ndefu mpaka rais Kenyatta akatoa amri alindwe, akafa 1974 kwa uzee wake. Waonyeshe kijana wa Turkana, mifupa aliyoigundua Kamoya Kimeu 1984, ina miaka kama milioni moja na nusu, na alipokufa alikuwa bado mtoto, rika la hawa wa gredi ya tatu nne hivi. Na nyoka, wako hapo hapo kwenye eneo la makumbusho. Basi. Saa kumi muwe mshaondoka, Ijumaa jioni Nairobi sio ya kuchezewa, na ikinyesha ndio kabisa.

Jumamosi, Lang'ata. Hapa ndipo kuna kitu ambacho lazima ukiwekee nafasi kabla, nacho ni wale ndovu yatima wa kituo cha Sheldrick. Wanapokea wageni saa tano mpaka saa sita mchana tu, na bila buking ya mtandaoni unaweza kufika getini ukarudishwa. Mnasimama nyuma ya kamba, halafu wale watoto wa ndovu wanatoka msituni kwa mstari mbio mbio na walezi wao, wanafyonza maziwa kwenye chupa kubwa, chupa moja inakwisha kwa kufumba na kufumbua, mwengine anaikamata mwenyewe kwa mkonga. Wakishashiba wanajitupa kwenye matope. Usivae nyeupe. Mlezi anashika maikrofoni anawataja mmoja mmoja, jina na alikookotwa. Wengi wanatoka Tsavo, na wakikua wanarudishwa Tsavo, Voi au Ithumba, kuzoea pori tena. Mimi naona hii ndiyo sababu kubwa ya kupanda ile treni ya asubuhi, manake mtoto alishaona pori lenyewe kwa macho yake, sio kuambiwa na mwalimu.

Kwenda huko kama watoto wako si wadogo sana chukueni matatu ya Rongai kutoka mjini, 125 au 126, mwambie kondakta awashushe kwenye geti la KWS, wale wa wanyamapori wa serikali, pale Magadi Road, halafu mtembee kama kilomita moja ndani. Matatu za Rongai jamani! Michoro kila upande, taa, skrini, muziki unaoutikisa mgongo. Sisi tumezoea zetu za Mombasa tunadhani tunajua. Kijana wangu wa junia ambaye hafurahishwi na kitu siku hizi, alikaa nyuma karibu na spika anatabasamu peke yake. Pandeni asubuhi, jioni nauli inapanda na watu wanasukumana, na yule mdogo mpakate, akipakatwa halipi.

Ndovu wakiisha saa sita nendeni Giraffe Centre, kwa teksi ni karibu. Mnapewa chakula cha twiga mkononi, mnapanda kwenye jukwaa mnakuwa sawa na vichwa vyao, na twiga anatoa ule ulimi mweusi mrefu wenye ute anachukua kitonge kimoja kimoja kwenye kiganja. Mtoto akiishiwa chakula asiendelee kusimama pale mbele kumpapasa, twiga akiona mkono mtupu anaweza kukupiga kichwa, na kichwa cha twiga ni kizito. Hakikisha una salio la Mpesa, na kitambulisho usikiache nyumbani, bila hicho utalipishwa bei isiyo ya mwananchi. Kwa mahali pa KWS malipo ni eCitizen, ule mtandao wa serikali, kwa hiyo fungua akaunti ukiwa bado kwako na WiFi.

Nairobi National Park yenyewe kwa safari fupi hivi mimi naiacha. Najua watu watanikalia kooni, ndiyo mbuga ya kwanza Kenya, ya 1946, simba na magorofa nyuma yake, yote nimeyasikia. Lakini inataka gari, inataka kuamka alfajiri, na mtoto wa miaka saba akikaa kwenye gari saa nne akitafuta simba asiyeonekana, huyo atakachokumbuka ni njaa. Kama mna nguvu baada ya twiga, Safari Walk pale geti kuu la Lang'ata Road inatosha, mnatembea kwa miguu na wanyama wako hapo.

Mambo madogo ambayo sisi wa Pwani tunayasahau: baridi. Kuanzia Juni mpaka Agosti Nairobi ni baridi ya kweli, soksi, sweta mbili kila mtoto, na kofia kwa mdogo. Hata miezi ya joto usiku unajifunika blanketi. Hewa kavu, midomo inapasuka siku ya pili, kwa hiyo Vaseline iwe mkobani. Shawa zao za moto zina swichi ukutani nje ya bafu, waonyeshe watoto tangu siku ya kwanza la sivyo utaitwa usiku kucha. Na mahamri ya nazi na mbaazi usitegemee, kuna mandazi, na watoto watakwambia "mama hii sio."

Jumapili rudini na treni ya saa mbili asubuhi. Watu wengi wanachukua ya saa tisa ili wapate asubuhi moja zaidi ya kuzunguka, lakini ile ikifika Miritini ni usiku, uanze kutafuta gari ya kuingia kisiwani na mizigo na watoto wanaolala wamesimama, halafu Jumatatu shule. Ya asubuhi inakupa alasiri nzima ya kusuka nywele, kufua yunifomu, na ile homuweki ambayo utaapiwa kwamba haikupewa.