Ulipima Hadi Wapi Kwenye Mkia?
Ukurasa wa maswali ya wasomaji, kutoka Kigoma

*Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa hapa Kibirizi, nina shahada ya kwanza ya uvuvi. Kuanzia Januari 2024 hadi Februari 2025 nilikuwa nashuka mwaloni alfajiri, mara mbili kwa wiki, kupima dagaa na lumbo, samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika. Nikaandika makala, nikaituma kwa jarida moja la sayansi ya bahari. Siku ya nne nikajibiwa mistari mitatu: haifai kwa jarida letu. Hata wahakiki hawakuiona. Mwezi mzima sasa sijaifungua tena. Je, kazi yangu haina thamani? Mswada nimeuambatanisha. – Mpimaji, Kibirizi*

Marahaba mwanangu. Mswada wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na penseli mkononi.

Nianze na kinachokuuma. Jibu la siku nne halikutoka kwa mtu aliyepima kazi yako akaiona nyepesi. Kabla ya kuita wahakiki, yaani wataalamu wa kuisoma na kuipima kazi, mhariri hutazama jambo moja: je, mada hii ni ya jarida letu? Wewe umepeleka samaki wa maji baridi kwa watu wa maji chumvi. Kila jarida lina ukurasa unaoeleza linapokea kazi za aina gani, na huo ndio wa kusoma kwanza, kabla hata ya maelekezo ya mpangilio. Jarida la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari linalotoka Zanzibar, kwa mfano, ni la upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi na pwani zake. Dagaa wa Tanganyika, hata wawe wazuri namna gani, hapo si kwao. African Journal of Aquatic Science hupokea kazi za maji ya Afrika, maziwa na mito ikiwemo. Journal of Great Lakes Research lilianzia kwenye maziwa makuu ya Amerika Kaskazini, lakini siku hizi huchapisha pia kazi za maziwa makubwa ya kwetu. Hydrobiologia lipo tangu 1948, nalo linataka swali la ikolojia lililo wazi. Orodha ya vipimo peke yake haitoshi. Na hapa nyumbani kuna Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ukitaka kujua pa kwenda, hesabu marejeo yako mwenyewe. Jarida linalojirudia zaidi kwenye orodha yako ndilo linalosomwa na watu unaotaka kuzungumza nao. Nimekuhesabia: ni African Journal of Aquatic Science. Anzia hapo. Na upeleke kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja, usubiri jibu. Kutuma sehemu mbili kwa pamoja ni kosa linaloweza kukufungia milango yote miwili.

Hilo limekwisha. Sasa niseme kilichoninyima usingizi.

Kwenye sehemu ya mbinu umeandika: "Urefu wa samaki ulipimwa kwa rula." Basi, umehamia kwenye matokeo. Mwanangu, urefu upi? Kuna urefu kutoka ncha ya mdomo hadi mfupa wa mgongo unapoishia, kabla mapezi ya mkia hayajaanza. Kuna wa hadi kwenye panda ya mkia. Kuna wa hadi ncha kabisa ya mkia. Kwa samaki mdogo kama dagaa, tofauti ya milimita chache ni kubwa: dagaa yuleyule anaweza kuonekana mchanga kwa kipimo kimoja na mkomavu kwa kingine. Nimelitafuta jibu kwenye majedwali yako, kwenye maelezo ya michoro, hadi kwenye shukrani. Halipo.

Nakuambia hivi kwa sababu lilinikuta. Miaka ya tisini tuliandika makala kuhusu migebuka, samaki wengine wa ziwa hili, nakala tatu zilizopigwa chapa zenye nafasi mbili kati ya mistari, zikapanda treni hapa Kigoma kwenda Dar es Salaam na kutoka huko zikaenda Ulaya kwa posta. Jibu lilirudi baada ya miezi mingi. Mhakiki mmoja alikuwa ameandika swali fupi pembeni ya jedwali la kwanza: huu ni urefu gani? Nikafungua madaftari. Namba zilikuwa safi, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wa mwenzetu aliyekuwa akipima. Lakini hakuna mahali alipoandika alipima hadi wapi, nami niliyekuwa nasimamia sikuwahi kumuuliza. Yeye alishafariki. Miaka miwili ya kazi yake ikawa namba ambazo hakuna awezaye kuzitumia. Madaftari yale ninayo hadi leo, na kila nikiyaona najua kosa lilikuwa langu.

Wewe bado u hai na rula unayo. Fanya hivi. Nenda mwaloni, chukua dagaa mia moja wabichi wa ukubwa mbalimbali, kila mmoja mpime kwa njia zote tatu. Kisha na lumbo mia moja. Hapo utapata uwiano kati ya vipimo, nao utauweka kwenye makala. Mwenzako wa Mpulungu kule Zambia au wa Kalemie kule Kongo aliyepima kwa njia nyingine ataweza kugeuza namba zake zilingane na zako. Ziwa hili lina nchi nne. Bujumbura wanawaita ndagala, Zambia wanawaita kapenta, sisi tunawaita dagaa, na samaki hawaulizwi pasipoti wakihama. Tukipima kila mtu kivyake bila kueleza tulivyopima, tutakuwa na vipande vinne vya karatasi ambavyo haviungani.

Nataka pia uandike walikuwa wabichi au walishaanikwa. Nakujua Kibirizi kulivyo: ukichelewa nusu saa akina mama wameshawamwaga mchangani, na jua likipanda dagaa anajikunja. Kama kuna siku ulipima walioanza kukauka, sema ni siku zipi, na uziondoe kwenye hesabu. Andika uliwapataje: ulichota ndoo ya juu au ulichanganya kwanza? Mtumbwi mmoja au mitano? Wavu wa macho ya ukubwa gani, taa za karabai au za sola? Mwezi ulikuwaje? Wavuvi wetu hawaendi ziwani mbalamwezi ikiwa kali, kwa hiyo sampuli zako zimekusanyika kwenye giza la mwezi, na msomaji wa mbali hawezi kulijua hilo usipomwambia. Na lumbo wachanga hufanana sana na dagaa. Taja alama uliyotumia kuwatenganisha.

Kuna mchoro wa pili, ule wa urefu wa wastani kwa mwezi. Umechora mstari mmoja usiokatika kuanzia Januari 2024 hadi Februari 2025. Lakini sote tunajua kuwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huo ziwa upande wetu lilifungwa kwa uvuvi. Juni na Julai hukupima samaki hata mmoja, kwa sababu hapakuwa na wa kupima. Mstari wako umepita juu ya miezi hiyo kana kwamba ulikuwepo. Najua ni kompyuta iliyounganisha nukta, wala hukukusudia kudanganya. Hata hivyo ukate. Acha pengo lionekane, na chini ya mchoro ueleze sababu yake.

Tena pengo hilo ndilo kitu cha thamani kuliko vyote ulivyonavyo, nawe umelificha! Ulipima Januari na Februari 2024, kabla ya ziwa kufungwa. Ukapima tena Januari na Februari 2025, baada ya kufunguliwa. Miezi ileile, mwalo uleule, mikono ileile. Hapo ndipo makala yako ilipo. Sasa hivi ina maswali sita: urefu, uzito, jinsia, mvua, bei, na maoni ya wavuvi. Chagua moja: je, ukubwa wa dagaa walioletwa Kibirizi ulibadilika kati ya msimu ule na huu? Bei na maoni viweke kando kwa makala nyingine.

Ila usiandike kwamba kufungwa kwa ziwa ndiko kulikosababisha chochote. Una miaka miwili tu, na huna mahali pengine palipobaki wazi pa kulinganisha. Upepo wa kusini mashariki wa Mei hadi Septemba, ule unaosukuma maji ya juu na kuyapandisha ya chini yenye virutubisho upande wa Zambia, haufanani kila mwaka. Mhakiki mwerevu atakuuliza hilo siku ya kwanza. Mtangulie: lieleze wewe kwenye mjadala, kwa maneno yako, kabla hajakuuliza.

Utangulizi wako unaanza na "maji ni uhai". Futa. Anza na ubishi wenyewe. Mwaka 2003 yalitoka makala mawili makubwa, moja kwenye jarida la Nature na jingine kwenye jarida la Science, yakionyesha kuwa ziwa linapata joto na kwamba maji ya juu na ya chini yanachanganyika kidogo kuliko zamani, hivyo virutubisho vinabaki kilindini. Lile la Nature, la O'Reilly na wenzake, lilikadiria uzalishaji wa chakula cha majini umeshuka kwa takriban asilimia 20. Wengine wanasema tatizo kubwa ni nyavu zetu. Serikali ilipofunga ziwa ilichukua hatua kwenye upande wa uvuvi. Namba zako zinaingia katikati ya ubishi huo, na msomaji ajue hivyo kufikia aya ya pili.

Mengine ni madogo. Majina ya kisayansi yaandike kwa herufi za mlazo. Dagaa ni *Stolothrissa tanganicae*, na jina la Regan, 1917, mwanasayansi aliyempa samaki huyu jina, halikai kwenye mabano, kwa kuwa samaki huyu bado yumo katika jenasi aliyomweka yeye. Lumbo ni *Limnothrissa miodon*, na Boulenger, 1906, yeye anawekwa kwenye mabano, maana samaki alihamishwa jenasi baadaye. Wewe umeyageuza. Kibali cha utafiti kitaje. Barua kwa mhariri isizidi nusu ukurasa: swali lako, ulichokiona, na kwa nini wasomaji wake wajali. Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, iandike mwisho wa yote. Na kwenye shukrani umemtaja mwenye kompyuta lakini si BMU ya Kibirizi, kikundi cha usimamizi wa mwalo, wala wavuvi waliokuachia ndoo bila kukudai senti. Waweke wa kwanza.

Majibu ya wahakiki yakija, yatakuwa makali. Usijibu siku hiyo. Kesho yake nakili kila hoja, chini yake andika ulichobadilisha na ni mstari wa ngapi. Usipokubaliana, sema hivyo kwa adabu na utoe sababu. Hoja hata moja usiiruke.

*Mama, nafanya kazi Tabora. Nilipima maji ya Bwawa la Igombe kwa utafiti wangu. Mkuu wangu wa kazi, ambaye hajawahi kufika bwawani, anataka jina lake litangulie langu. Nikikataa naogopa. – Msomaji, Tabora*

Hofu yako naielewa, na sitakwambia ukagombane na mkubwa wako. Majarida mengi sasa yanataka kila mwandishi aeleze alichofanya: nani alibuni wazo, nani alikusanya takwimu, nani alichambua, nani aliandika. Toa kwenye karatasi maelezo hayo kutoka kwenye tovuti ya jarida unalolitaka, mpelekee kwa heshima: "Mzee, jarida linaomba tujaze mchango wa kila mmoja, naomba unisaidie sehemu yako." Mara nyingi karatasi hiyo husema ambalo kijana hawezi kulisema. Akiwa alitoa gari au kusaini kibali, hilo ni la shukrani, na shukrani ni heshima. Akiwa tayari kusoma matokeo, kuyahoji na kuandika nawe, basi anastahili kuwemo, ila si mbele yako. Wewe ndiye uliyeingia majini. Na mswada usitumwe hadi kila mwenye jina humo ameusoma na kuukubali.

*Nimepata barua pepe inayonisifu sana, ikiniomba nitume makala yoyote, itachapishwa ndani ya siku tatu nikilipa ada. Wana namba ya ISSN. Nilipe? – Msomaji, Kasulu*

Usilipe. ISSN ni namba ya utambulisho tu, haithibitishi ubora wa jarida. Uhakiki wa kweli haumaliziki ndani ya siku tatu. Mtu anahitaji wiki kadhaa kusoma, kukagua hesabu na kuandika. Angalia majina ya wahariri waliotajwa, kisha mwandikie mmoja wao kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo chake, si ile ya jarida, umuulize kama kweli yumo. Tafuta pia jina la jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya wazi, yaani yanayosomwa bure mtandaoni. Na ujue kuwa ada si lazima. Majarida mengi yanayouzwa kwa wasomaji hayamtozi mwandishi, na wachapishaji wengi wakubwa wa majarida ya wazi huwasamehe au huwapunguzia ada waandishi wa nchi za kipato cha chini. Omba msamaha huo siku unayotuma, kwa maandishi, usisubiri makala ikubaliwe.

Mpimaji wa Kibirizi: ukishawapima wale mia na mia, niletee namba kabla hujaandika sentensi mpya. Na uje na daftari lenyewe, lile ulilokuwa ukilishika mwaloni.